Vipimo Viwili: Suala la Stahili kwa Mwanafunzi Aachaye Masomo Nchini Marekani

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wa sheria za dini na wanafalsafa wa maadili wameyarudia kwa karne nyingi bila kuyamaliza ni lile la mtu aliyeianza kazi kwa hiari yake, akaifanya kwa muda, kisha akaiacha kabla haijakamilika: je, anastahili sehemu ya ujira kwa kadiri ya alichofanya, hastahili chochote kwa kuwa kazi haikutimia, au ni yeye anayedaiwa kwa kuwa kule kuanza kulikuwa ahadi na ahadi hiyo ameivunja? Kwa kawaida swali hili hujadiliwa kwa kumtaja mchimba kisima, mpangaji wa nyumba au mfungaji wa saumu ya sunna, lakini katika Marekani ya leo limepata makao mahali ambapo si wengi wangelitafuta, yaani katika kanuni za fedha za msaada wa masomo, ambako serikali imelazimika kuamua, kwa hesabu ya siku na asilimia, ni kiasi gani cha msaada ambacho mwanafunzi anayeondoka katikati ya muhula ahesabiwe kuwa amekistahili.

Msingi wa kanuni hizo ni Sheria ya Elimu ya Juu, ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 8 Novemba 1965 huko San Marcos, Texas, katika chuo alichosoma mwenyewe, na ambayo Sehemu yake ya Nne ndiyo inayotawala misaada mikubwa ya serikali kuu kwa wanafunzi. Misaada hiyo ni ya aina mbili zinazopasa kutofautishwa mapema, kwa kuwa msomaji wa Tanzania au Kenya, aliyezoea bodi ya mikopo, huenda akadhani kwamba yote ni mikopo. Ipo ruzuku, ambayo kubwa kuliko zote huitwa kwa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island, na hii hutolewa kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo bila sharti la kurudishwa, kiwango chake cha juu katika mwaka wa masomo wa 2024/25 kikiwa dola 7,395. Na ipo mikopo, ambayo mwanafunzi huichukua kwa kutia saini hati ya ahadi ya kulipa, akaanza kuilipa miezi sita baada ya kuhitimu au baada ya idadi ya masomo yake kushuka chini ya nusu ya mzigo kamili. Mgeni aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi hapewi misaada hii, ila mkimbizi aliyepokewa kisheria anaweza kuiomba, na kwa sababu hiyo familia zizungumzazo Kiswahili zilizotoka Kongo na Burundi na kupewa makazi katika miji ya Marekani zinaguswa na kanuni zake moja kwa moja, mara nyingi kwa mtoto wa kwanza katika ukoo kuingia chuoni.

Historia ya kanuni yenyewe ina jambo moja ambalo wengi hulipita haraka, ilhali ndilo kiini cha suala zima. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1992 yalivitaka vyuo viwe na utaratibu wa haki wa kurudisha ada, na kwa mwanafunzi aliyekuwa akisoma chuoni hapo kwa mara ya kwanza, chuo kililazimika kumrudishia ada kwa kadiri ya muda uliobaki, ikiwa ameondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita. Swali lililoulizwa wakati huo lilielekezwa kwa chuo: umefundisha kiasi gani, na kwa hiyo unaweza kubaki na kiasi gani? Marekebisho ya mwaka 1998 yaliligeuza swali hilo, kwani yaliacha kabisa kusimamia ada za vyuo na badala yake yakaweka kifungu kipya kinachomwelekea mwanafunzi: umehudhuria kiasi gani, na kwa hiyo umestahili kiasi gani cha msaada? Kila chuo kikaachiwa kijitungie utaratibu wake wa marejesho ya ada. Tangu hapo mwanafunzi mmoja anayeacha masomo hupimwa kwa vipimo viwili vilivyotungwa na watu wawili tofauti, kimoja cha serikali na kingine cha chuo, na hakuna sheria ya serikali kuu inayovilazimisha vilingane.

Namna kipimo cha serikali kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Siku zote za muhula huhesabiwa, zikiwamo Jumamosi na Jumapili, isipokuwa likizo ya siku tano mfululizo au zaidi. Kisha siku alizokaa mwanafunzi hugawanywa kwa jumla hiyo, na asilimia inayopatikana ndiyo asilimia ya msaada anayohesabiwa kuwa ameistahili. Akivuka asilimia 60 huhesabiwa kuwa amestahili msaada wote. Ikiwa ameondoka kabla ya hapo, sehemu isiyostahiliwa hurudishwa serikalini, na chuo ndicho kinachotangulia kurudisha, ndani ya siku 45 tangu kilipotambua kuwa mwanafunzi ameondoka, kwa kutoa kile kilicho kidogo kati ya jumla isiyostahiliwa na ada za chuo zikizidishwa kwa asilimia ya muda uliobaki. Fedha hizo hurudishwa kwanza kwenye mikopo, kisha kwenye ruzuku. Kinachobaki ni juu ya mwanafunzi: kama ni mkopo ataulipa kwa masharti ya kawaida ya hati aliyoitia saini, na kama ni ruzuku atarudisha tu kile kinachozidi nusu ya ruzuku aliyopewa.

Maneno hayo hayaelezi uzito wa jambo mpaka yatiwe katika hesabu. Na ichukuliwe kwamba muhula una siku 100, kwamba mwanafunzi amepewa ruzuku ya dola 3,000 na mkopo wa dola 2,000, na kwamba ada ni dola 4,000, hivyo dola 1,000 zilizobaki amekabidhiwa mwenyewe kwa ajili ya vitabu na chakula, kama vile mwanafunzi wa Dar es Salaam anavyopokea bumu lake. Siku ya 30 anapeleka fomu ya kujiondoa kwa msajili. Amestahili asilimia 30, yaani dola 1,500, na dola 3,500 hazikustahiliwa. Chuo kinarudisha asilimia 70 ya ada, ambayo ni dola 2,800: mkopo wote wa dola 2,000 unafutika, na dola 800 zinarudi kwenye ruzuku. Dola 700 zilizosalia zingekuwa juu ya mwanafunzi, lakini ni ruzuku na hazifiki nusu ya ruzuku yake, kwa hiyo hadaiwi. Mpaka hapo mtu angesema kwamba serikali imemtendea kwa upole. Lakini utaratibu wa chuo unasema kwamba baada ya juma la nne hakuna ada inayorudishwa. Ada bado ni dola 4,000, zilizobaki katika akaunti ni dola 1,200, na mwanafunzi anapokea barua ya kudaiwa dola 2,800. Aliyekuwa na mkopo wa dola 2,000 wa kulipwa polepole kwa miaka, ukianza miezi sita baadaye, sasa ana deni la dola 2,800 linalotakiwa mara moja, na nyongeza ya dola 800 imetoka katika ruzuku, fedha ambazo alizipokea kwa kuamini kwamba hazina deni ndani yake. Kwa Mwislamu aliyeikataa mikopo kwa kuiogopa riba na kuchukua ruzuku peke yake, mgeuko huu ni mzito zaidi, kwa sababu kitu alichokikimbia mlangoni kimemfuata kwa kupitia dirisha la mhasibu.

Je, ni haki? Jibu linategemea kwanza iwapo kuanza ni kujifunga. Katika fiqhi ya Kiislamu mjadala huu una sura mashuhuri katika ibada za hiari. Mwenye kuanza sala au saumu ya sunna, kwa mujibu wa madhehebu ya Hanafi, amejifunga kwa kule kuanza kwenyewe, na akiikatiza analazimika kuilipa kadha, kwa hoja kwamba Mwenyezi Mungu amekataza waumini kuyabatilisha matendo yao. Na kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, mfungaji wa sunna ni mwenye mamlaka juu ya nafsi yake, akitaka ataendelea na akitaka atafungua, wala hana kadha. Hata hivyo Mashafi wenyewe wanatoa hija katika hukumu hiyo, kwa kuwa aliyekwisha kuihirimia hana budi kuikamilisha ijapokuwa ilikuwa ya sunna, na aliyezuiliwa njiani na adui huchinja mnyama na kutoka katika ihramu yake. Kumbe hata wenye kuuona mlango wa kutoka kuwa wazi wanakiri kwamba kuna mambo ambayo mtu akiyaingia hatoki bila gharama, na kwamba gharama hiyo hutofautiana kwa kadiri ya kilichomtoa.

Masomo ya chuo yako wapi kati ya saumu ya sunna na hija? Mwanafunzi hakuweka nadhiri ya kuhitimu. Alichoahidi katika maombi yake ni kwamba fedha atazitumia kwa ajili ya masomo, na wakati anapozipokea nia hiyo mara nyingi ni ya kweli. Sheria ya Marekani inaelekea kuukubali mtazamo wa Kishafi, kwa kuwa haimwadhibu mtu kwa kuacha, wala haimlazimishi kurudi. Inachukua tu sehemu ambayo haikutumika. Kwa hiyo uzito wa suala hauko katika ahadi, uko katika namna ya kuhesabu stahili.

Hapo wanazuoni wa fiqhi walitofautisha mikataba miwili ambayo ni vyema ielezwe. Ijara ni mkataba wa kukodi kazi au manufaa kwa muda au kipimo kinachojulikana, na ujira wake hustahiliwa sehemu kwa sehemu kadiri manufaa yanavyotolewa; juala ni ahadi ya zawadi kwa atakayetimiza jambo fulani, kama kumrudisha mnyama aliyepotea, na mtendaji akiacha kabla ya kutimiza hapati kitu, hata kama alitembea mwezi mzima, ilhali mwenye kuahidi akiivunja ahadi yake baada ya kazi kuanza hulazimika kumlipa mtendaji ujira wa mfano wake. Marabi wa Kiyahudi walifika mahali panapofanana na hapo. Kibarua wa kutwa, kwa kauli inayonasibishwa na Rav katika Talmudi, anaweza kuacha kazi hata katikati ya siku, kwa sababu Waisraeli ni watumwa wa Mungu na si watumwa wa watumwa, na atalipwa alichofanya. Bali fundi aliyechukua kazi nzima kwa mapatano, akiiacha, hesabu humwendea kombo, kwa kuwa hasara ya kumtafuta wa kuimaliza huwa juu yake.

Kanuni ya Marekani imechanganya mikataba hii kwa namna ambayo hakuna mwanazuoni wa kale ambaye angeikubali bila kuuliza maswali. Mpaka asilimia 60 ni ijara tupu, siku kwa siku. Ikishavuka hapo inakuwa hiba, kwani anayeondoka siku ya 61 anahesabiwa sawa na aliyefanya mtihani wa mwisho. Katika mfano uliotajwa, anayeondoka siku ya 60 anaona dola 1,600 za ada yake zikirudishwa serikalini, na anayengoja hadi kesho yake haoni hata senti moja ikirudishwa. Asubuhi moja ya kukaa darasani, pengine bila kusikiliza, ina thamani hiyo. Watunga sheria wanatetewa kwa hoja ya wepesi, kwamba mpaka fulani lazima uwekwe, na hoja hiyo ina nguvu yake. Lakini mpaka uliowekwa kwa ajili ya wepesi usiitwe stahili, kwa sababu hakuna elimu inayotimia siku ya 61.

Wapo wanaomletea mwanafunzi mfano wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, ambamo mwenye shamba aliwalipa dinari nzima hata wale walioajiriwa saa ya mwisho, na kutoka hapo wanadai kwamba ukarimu hauhesabu saa. Mfano huo hautoshi kwa shughuli hii, na ni vyema kulisema hilo waziwazi. Vibarua wa saa ya mwisho walichelewa kuanza kwa kuwa hakuna aliyewaajiri, ila walibaki mpaka jioni. Hakuna hata mmoja aliyeondoka adhuhuri. Zaidi ya hayo, mwenye shamba alijitetea kwamba anafanya apendavyo kwa mali yake mwenyewe, na serikali haina mali yake mwenyewe. Fedha za ruzuku ni amana ya walipa kodi, na mwenye kushika amana hana ruhusa ya kuwa mkarimu kwa kitu cha wengine. Katika hili serikali haina kosa inapodai sehemu isiyotumika, na wanaoishutumu kwa kudai tu wanaikosea.

Kosa liko upande wa pili wa meza. Chuo kina hoja yenye mizizi katika fiqhi hiyohiyo, na hoja hiyo haifai kudharauliwa: mwenye nyumba akishamkabidhi mpangaji ufunguo, kodi inamstahiki hata kama mpangaji hakulala humo usiku mmoja, kwa kuwa manufaa yalitolewa na aliyeyapoteza ni mpangaji. Mwalimu ameajiriwa, chumba kimetengwa, na nafasi iliyoachwa wazi katika juma la tano haiwezi kuuzwa kwa mwanafunzi mwingine. Hoja hii ikikubaliwa, basi ada yote imestahiliwa na chuo tangu juma la nne. Lakini ikikubaliwa, matokeo yake hayaishii hapo, kwa kuwa msaada ulitolewa ili ada ilipwe, na kama gharama imekwisha kuwa wajibu kamili, basi haja ambayo msaada ulikusudiwa kuikidhi nayo imekamilika, na hakuna maana ya kusema kwamba mwanafunzi hajaustahili. Na kama, kwa upande mwingine, msaada unastahiliwa siku kwa siku kwa kuwa masomo hutolewa siku kwa siku, basi chuo nacho kinatoa masomo siku kwa siku na ada yake ihesabiwe vivyo hivyo. Kauli zote mbili zinaweza kutetewa, kila moja peke yake. Kisichoweza kutetewa ni kuzichukua zote mbili kwa wakati mmoja, ya kwanza mtu anapopokea na ya pili anapotakiwa kutoa, kisha pengo lililo kati yake likajazwa na kijana mwenye umri wa miaka 19.

Vitabu vitakatifu vililijua pengo hili muda mrefu kabla ya kuwapo kwa vyuo vikuu. Sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wapunjaji, na sifa yao inayotajwa humo ni kwamba wanapojipimia kutoka kwa watu hutimiza, na wanapowapimia watu hupunguza. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, linamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya mizani katika mfuko mmoja, kubwa na dogo. Katika maandiko yote mawili lawama haielekezwi kwenye ukubwa wa kipimo. Mfanyabiashara anaweza kutumia kibaba kikubwa au kidogo, na wanunuzi watajua. Kinachokatazwa ni viwili kubadilishana kwa faida ya mwenye kuvishika. Inaweza kujibiwa kwamba hapa vipimo viwili vinashikwa na mikono miwili, serikali na chuo, kwa hiyo hakuna anayepunja. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama mikono hiyo isingefahamiana. Lakini afisa wa ofisi ya msaada wa fedha anayepiga hesabu ya kurudisha asilimia 70 ya ada serikalini, na mhasibu anayemwandikia mwanafunzi barua ya kudai asilimia hiyohiyo, ni waajiriwa wa chuo kimoja, na mara nyingi hupanga foleni moja ya chakula cha mchana.

Kuna jambo jingine katika kanuni hizi ambalo mtu wa maadili hawezi kulinyamazia, nalo linahusu ukweli. Chuo kisicholazimika kuchukua mahudhurio kinaweza kumhesabu mwanafunzi aliyetoweka bila taarifa kuwa ameondoka katikati ya muhula, ingawa kinaweza pia, kikipenda, kutumia siku ya mwisho ya shughuli ya masomo iliyothibitishwa. Maana yake ni kwamba wanafunzi wawili walioacha siku moja, ile ya 30, mmoja akapeleka fomu na kueleza sababu, mwingine akafunga mlango wa bweni na kwenda zake, wanaweza kuhesabiwa tofauti: mkweli amestahili asilimia 30, na mtoro asilimia 50. Kwa takwimu zilezile za mfano, mtoro atadaiwa na chuo dola 2,000 na mkweli 2,800. Ni kweli kwamba mtoro atabeba alama za kufeli katika kila somo, na alama hizo zina madhara yake. Hata hivyo sheria inayoweza kumtoza msema kweli zaidi ya aliyenyamaza imekosea katika elimu ambayo chuo chochote kinapaswa kuifundisha kabla ya hesabu.

Kuhusu udhuru, ambao kwa watu wa dini ndio unaotangulia kuulizwa, kanuni ya kawaida ni kiziwi. Hesabu ya siku haibadiliki kwa kuwa mama yake mwanafunzi ameugua, au kwa kuwa duka alilofanyia kazi limebadilisha zamu zake. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari imeelezwa kwamba mgonjwa au msafiri huandikiwa malipo ya yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na mkaazi, na maana ya mafundisho hayo ni kwamba kilichokatizwa na udhuru hakihesabiwi kama kilichokatizwa na uvivu. Aristoteli naye, katika kitabu cha tano cha maadili yake kinachohusu haki, alieleza kwamba sheria husema kwa ujumla na kwa hiyo lazima ipungukiwe mahali fulani, na akauita uadilifu ule wema wa kuirekebisha sheria pale ambapo ujumla wake umeifanya ikosee, kama mtunga sheria mwenyewe angefanya lau angalikuwapo. Kwamba jambo hilo linawezekana katika misaada ya masomo lilithibitishwa tarehe 27 Machi 2020, wakati sheria ya dharura iliyotungwa kwa sababu ya korona ilipoondoa wajibu wa kurudisha misaada kwa wanafunzi walioacha masomo kutokana na janga hilo, ikafuta mikopo yao ya muhula huo, na kuuondoa muhula huo katika kikomo cha ruzuku ya Pell, ambacho kwa maisha yote ya mwanafunzi ni sawa na mihula kumi na miwili ya masomo kamili. Udhuru wa taifa zima ulitambuliwa kwa siku moja. Udhuru wa mtu mmoja unangoja.

Mlango uliopo kwa mtu mmoja ni ruhusa ya mapumziko, isiyozidi siku 180 katika miezi kumi na miwili, ambayo kwa jina inafanana na kuahirisha masomo kunakojulikana katika vyuo vya Afrika Mashariki. Ila kwa kuwa mwanafunzi akirudi anatakiwa aendelee pale alipoishia, vyuo vingi vinavyofundisha kwa mihula huona vigumu kuitoa. Kuhusu kuacha somo moja au mawili na kubaki na mengine, hesabu ya kurudisha msaada iliyoelezwa hapo juu haihusiki, kwa kuwa hiyo ni ya anayeacha yote. Lakini mzigo wa masomo ukipungua mapema ruzuku hupunguzwa, na ukishuka chini ya krediti sita, ambazo kwa kawaida ni nusu ya krediti kumi na mbili za mwanafunzi kamili, haki ya mkopo husita na saa ya miezi sita huanza kwenda. Somo lililoachwa baada ya muda wa kubadilisha masomo kwisha huhesabiwa kuwa lilijaribiwa na halikukamilishwa, na anayepungukiwa na maendeleo yanayotakiwa, ambayo katika vyuo vingi ni kukamilisha takriban theluthi mbili ya anayoyajaribu, hupoteza msaada wa mihula inayofuata mpaka akate rufaa na ikubaliwe. Katika rufaa hiyo tu ndipo kifo cha ndugu na ugonjwa vinapotajwa kwa majina yake kuwa sababu za kusikilizwa, na ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wanaostahili kusikilizwa hawajui kwamba rufaa ipo.

Inabaki hali ya mdaiwa baada ya yote. Deni la serikali lina taratibu za kuahirishwa na kulipwa kwa kadiri ya kipato. Deni la chuo halina lazima ya kuwa nazo, na kwa miaka mingi silaha kuu ya vyuo ilikuwa kuzuia nakala ya matokeo, hivyo aliyeacha kwa kukosa fedha alizuiwa pia kuhamia chuo cha bei nafuu ambako angeweza kumaliza na kupata kazi ya kulipia deni hilohilo. California ilipiga marufuku desturi hiyo kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2020, na New York ikafuata mwaka 2022. Kurani, katika aya ya 280 ya Sura ya Pili, inamtaka mdai ampe mwenye dhiki muda mpaka apate wasaa, na inaihesabu sadaka ya kumsamehe kuwa bora zaidi. Torati, katika sura ya 15 ya Kumbukumbu, inaweka mwaka wa saba kuwa wa maachilio. Kati ya mafundisho hayo na kuzuia nakala ya matokeo ya masomo ambayo mwanafunzi aliyafaulu na kuyalipia hakuna njia ya upatanisho, na sheria za majimbo hayo zimefanya kazi ambayo dhamiri za wakuu wa vyuo zilipaswa kuifanya.

Mwanafunzi anayefikiria kuondoka, na mzazi asiyejua Kiingereza cha barua hizo, wana haki ya kuomba ofisi ya msaada wa fedha iwaandikie, kabla fomu haijatiwa saini, ni kiasi gani kitarudishwa serikalini na ni kiasi gani chuo kitakidai ikiwa ataondoka siku hiyo, na ni kiasi gani ikiwa atangoja mpaka asilimia 60 ivuke. Kwa upande wa vyuo, Bunge la Marekani linaweza kulirudisha sharti la mwaka 1992 na kulipanua kwa wanafunzi wote; lakini mpaka litakapofanya hivyo, hakuna chuo kinachohitaji ruhusa ya Washington ili kuzihesabu siku za ada kwa kipimo kilekile kinachotumika kuhesabu siku za msaada.